Duru-Haitemba, msitu wa

Duru-Haitemba ni msitu wa miombo wenye hekta 9,000 hivi, uliopo kwenye vilima vya kusini-magharibi mwa mji wa Babati, mkoani Manyara. Umezungukwa na vijiji vinane: Ayasanda, Bubu, Duru, Endagwe, Endanachan, Gidas, Hoshan na Riroda. Wenyeji wake wengi ni Wagorowa, waitwao pia Wafiome. Jina la msitu huu ni kubwa kuliko eneo lake, kwa kuwa ni miongoni mwa misitu ya asili ya kwanza nchini kuachwa mikononi mwa vijiji kama wenye mali.

Katika miaka ya 1980 serikali iliazimia kuufanya msitu huu hifadhi yake, na mipaka ikaanza kupimwa. Vijiji vilipinga. Habari za upimaji hazikupunguza ukataji, bali ziliuongeza: anayejua kwamba kesho atafukuzwa msituni, leo hukata anachoweza kubeba. Magogo yalipasuliwa mbao, mkaa ukachomwa, mashamba yakapanda mlimani, na mabwana misitu wachache wa wilaya hawakuweza kuwapo kila mahali.

Mwaka 1994 mpango huo ulisitishwa. Kwa msaada wa mradi wa ardhi uliogharimiwa na Sweden, na ushauri wa Liz Wily, kila kijiji kilijiwekea mpango wa sehemu yake. Uchomaji mkaa na ufyekaji wa mashamba vilipigwa marufuku, na walinzi wakachaguliwa miongoni mwa wanakijiji. Kuni kavu, dawa na uyoga viliendelea kuchumwa, na malisho yakaruhusiwa kwa masharti. Mwaka uliofuata sheria ndogo za vijiji zilipata nguvu kupitia Halmashauri ya Wilaya. Msitu ulioshindikana kulindwa kutoka ofisini ulianza kuchipua tena kwenye visiki vyake.

Kuchipua huko ni tabia ya miombo, lakini kusimdanganye mtu. Miombo hukua taratibu. Hekta moja huongeza takribani meta za ujazo 1 hadi 3 za mti kwa mwaka, yakiwamo matawi na mashina yaliyopinda. Tukichukua meta 2, msitu mzima wa Duru-Haitemba ungeongeza meta za ujazo 18,000 kwa mwaka, na sehemu ndogo tu ya hizo ingefaa kupasuliwa mbao. Mninga, mti wa miombo unaopendwa mno na maseremala, huweza kuchukua miaka 80 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Anayeukata leo anatumia akiba iliyowekwa enzi za babu yake.

Kitaifa, hesabu haijakaa sawa. Tathmini ya misitu ya Tanzania Bara iliyochapishwa mwaka 2015 ilionyesha kwamba kiasi kinachoweza kuvunwa bila kula mtaji ni meta za ujazo milioni 42.8 kwa mwaka, ilhali mahitaji yalikuwa milioni 62.3. Pengo la milioni 19.5 huzibwa kwa kukata kupita kiasi, hasa kwa ajili ya kuni na mkaa.

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 iliingiza katika maandishi kile ambacho Babati ilikuwa imekwisha kukijaribu: kijiji kinaweza kutangaza hifadhi yake ya msitu na kupanga uvunaji wake. Mwaka huohuo Manyara ilitengwa na Arusha, na Babati ikawa makao makuu ya mkoa. Mji umekua tangu hapo, na kila nyumba mpya huhitaji kenchi, milango na nishati ya kupikia. Vijiji vinane peke yake haviwezi kuhimili shinikizo hilo. Mnunuzi wa mbao au mkaa mjini aulize mzigo umetoka kijiji gani, na adai kuona hati ya kusafirishia mazao ya misitu kabla ya kutoa fedha.