Chama cha Mafundi wa London ya Mashariki

Katika mwaka wa 1888 London ilikuwa imepita miji yote ya dunia kwa wingi wa watu, na upande wake wa mashariki ulikuwa makao ya maskini wake. Huko ndiko yalikokuwa magati ya meli, vyumba vya kushonea nguo kwa ujira mdogo, na vichochoro vilivyojaa wageni waliokimbia dhiki katika nchi za Ulaya ya Mashariki. Mwezi wa Julai mwaka huo wasichana wa kiwanda cha viberiti katika mtaa wa Bow waligoma kwa sababu ya ujira na maonevu. Mwaka uliofuata wapakuzi wa mizigo magatini nao waligoma. Kijana wa huko alipotafuta kazi, mara nyingi aliajiriwa kwa nguvu za mikono yake tu, wala hakuna aliyemwuliza ana akili gani au ana ladha gani ya vitu vizuri.

Katika mtaa wa Whitechapel palikuwa na nyumba iitwayo Toynbee Hall, iliyofunguliwa mwaka wa 1884, ambamo vijana waliotoka vyuo vikuu walikaa miongoni mwa maskini na kuwafundisha. Mmoja wao alikuwa Charles Robert Ashbee, aliyezaliwa mwaka wa 1863 na kusoma Cambridge, na wakati huo akijifunza kazi ya kuchora ramani za majumba. Jioni alisoma pamoja na wafanya kazi wa mtaa ule vitabu vya John Ruskin, mwandishi aliyefundisha kwamba kazi isiyo na furaha wala fikira humharibu mtu aifanyaye. Lakini maneno matupu hayavunji mfupa. Wanafunzi wale walitaka kuyajaribu waliyoyasoma, wakapewa chumba cha kulia chakula cha Toynbee Hall wakakipamba kwa mikono yao wenyewe. Kazi ile ikazaa nyingine. Mwezi wa Juni, 1888, Ashbee alifungua shule ya ufundi pamoja na karakana ndogo iliyoitwa Guild of Handicraft, yaani Chama cha Kazi za Mikono. Mtaji wake ulikuwa paundi 50, makao yake orofa ya juu ya ghala moja katika barabara ya Commercial Street, na mafundi wake wa kwanza walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Yafaa kuitazama kanuni iliyokiongoza chama hiki, maana ndiyo iliyokitofautisha na karakana nyingine. Ashbee hakupenda kuajiri mafundi waliokwisha kupikwa na mazoea ya viwanda. Alipendelea watu wa mtaa ambao hawajaharibiwa na mazoea hayo, wakajifunza kwa kujaribu na kukosea. Ndiyo sababu vyombo vyao vya kwanza vya shaba vilikuwa vizito, navyo vilionyesha wazi alama za nyundo. Fundi aliyekwisha kujaribiwa na kukubaliwa alikuwa mwanachama mwenye hisa na sauti. Yeye na wenzake walikula pamoja, wakaimba pamoja, na kuigiza michezo ya kale ya Kiingereza. Katika maonyesho ya sanaa yaliyoanza London mwaka ule ule wa 1888, orodha za vitu zilitaja jina la mbuni na jina la fundi aliyekitengeneza kila kitu. Jambo hilo laweza kuonekana dogo. Lakini kwa kijana wa Whitechapel, ambaye jina lake halikupata kuandikwa popote ila katika daftari la mshahara, lilikuwa heshima kubwa.

Mwaka wa 1891 chama kilihamia katika nyumba ya zamani yenye bustani, Essex House, katika barabara ya Mile End. Hapo kazi ikastawi: useremala, ufuaji wa vyuma, usonara, na tangu mwaka wa 1898 uchapaji wa vitabu pia. Ua dogo lililomea katika bustani ile likawa nembo ya mafundi. Ashbee alibuni mabakuli ya fedha yenye mikono mirefu iliyopindwa kama tao, na chupa za kioo cha kijani zilizozungushiwa nyuzi za fedha, vitu vinavyohifadhiwa hata leo katika majumba ya makumbusho. Mwaka wa 1896 alama iliyoandikishwa kwa ajili ya vyombo vya fedha ilikuwa herufi za jina lake mwenyewe. Miaka miwili baadaye, chama kilipogeuzwa kuwa kampuni, alama ile ikabadilishwa. Pakawekwa herufi za jina la chama. Sifa zake zikavuka bahari. Mwaka wa 1900 kazi zake zilionyeshwa Vienna, na mwaka wa 1903 Josef Hoffmann na Koloman Moser walianzisha huko karakana ya Wiener Werkstätte kwa kufuata mfano wake, ambamo chombo kilitiwa alama ya mbuni na ya fundi pia.

Wazee wetu husema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia ya chama hiki yatuonya kwamba si kila mara. Mwaka wa 1899 duka kubwa la Liberty la London lilianza kuuza vyombo vya fedha vya mtindo kama ule. Vingi vilitengenezwa Birmingham kwa msaada wa mashine, vikamaliziwa vionekane kama kazi ya mkono, na kuuzwa kwa bei nafuu. Wabuni wake hawakutajwa. Jina lililojulikana lilikuwa la duka. Mnunuzi aliyesimama dirishani aliona vitu viwili vinavyofanana, kimoja rahisi na kimoja ghali. Ni wangapi wangeuliza nani aliyevifua?

Mkataba wa kupanga Essex House ulipokaribia kwisha, wanachama walishauriana, wakakubali kuliacha jiji. Mwaka wa 1902 watu wapatao 150, mafundi na wake zao na watoto wao, walihamia Chipping Campden, mji mdogo wa shamba, wakaweka karakana zao katika kinu cha kale cha hariri. Hewa ilikuwa safi, na nyumba zilikuwa na bustani. Hata hivyo biashara ina masharti yake. London kazi ilipopungua, fundi aliweza kutoka kwa majuma machache, akapata kibarua katika karakana ya jirani, kisha akarudi. Campden hapakuwa na karakana ya jirani. Wanunuzi walikuwa mbali. Na kila mwezi wa uhaba wa kazi chama kililazimika ama kuwalipa watu bila kuuza, ama kuwaacha bila chakula. Hasara ikarundikana, na katika miaka ya 1907 na 1908 kampuni ikafungwa.

Je, Ashbee alishindwa? Ukipima kwa daftari la hesabu, alishindwa. Naye mwenyewe alikubali, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1911, kwamba ustaarabu wa siku hizi umejengwa juu ya mashine. Lakini baadhi ya mafundi hawakurudi London. Walibaki Campden, wakaendelea na kazi zao wakijitegemea. Na ukoo wa sonara George Hart umeendelea kufua fedha katika kinu kile kile kwa zaidi ya miaka mia moja.

Basi, msomaji kijana, ikiwa siku moja utafungua karakana na kuipa jina, chukua mafunzo mawili kwa chama hiki. Usiutoroke mji uliokuzaa na kukupa wanunuzi, hata kama una moshi na kelele. Na jina la fundi liandikwe mahali ambapo mnunuzi ataliona. Chama cha London kilishika la pili kwa uaminifu, kikaliacha la kwanza, na hapo ndipo kilipoangukia.