Nzige, Kumbikumbi na Asali

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Enyi ndugu Waislamu, mvua za kwanza zinyeshapo hapa Kakonko, kumbikumbi huruka kutoka vichuguuni, na jirani zetu huwakusanya wakawakaanga. Mtoto wetu hukaribishwa, naye hurudi nyumbani akiuliza: Je, ni halali? Swali hili ni la zamani, na jibu lake lina historia.

Katika zama za Mtume s.a.w. Waislamu walikula nzige. Sahaba Abdullahi bin Abi Aufa amesimulia kwamba walikwenda vitani na Mtume mara sita au saba, wakila nzige. Kuhusu nzige, basi, hakuna ugomvi.

Ikhtilafu ilitokea juu ya wadudu wengine. Wafuasi wa Imamu Malik, aliyefariki mwaka 179 Hijria, wamewaruhusu wasiodhuru, kwa sharti wauawe kwa nia na kwa kutaja jina la Mwenyezi Mungu. Mwanafunzi wake, Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 204, aliwahesabu katika vitu vichafu vilivyoharamishwa katika Suratul Aaraf, aya ya 157. Hata hivyo, funza aliyezaliwa ndani ya tunda, wanazuoni wa Kishafii wamesamehe aliwe pamoja na tunda hilo.

Madhehebu ya Shafii ndiyo yaliyoenea pwani, yakapanda na misafara hadi Ujiji, ambako wafanyabiashara Waislamu walikuwapo kabla Burton na Speke hawajafika mwaka 1858. Ndiyo sababu sisi twaacha kumbikumbi, wala hatumlaumu Mmaliki anayewala kwa masharti yake.

Bonde la Malagarasi ni miongoni mwa mazalio ya nzige wekundu. Nzige ni halali, lakini aliyenyunyiziwa sumu asiliwe, kwani kujidhuru ni haramu.

Ama asali ya mizinga yetu, ingawa nyuki mwenyewe haliwi katika madhehebu yetu, Suratun Nahl, aya ya 69, imeitaja kuwa ina ponyo.

Wafundisheni watoto hukumu pamoja na adabu. Mtume alipoandaliwa mjusi wa jangwani hakumla, kwa kuwa hakumzoea. Khalid bin Walid akamla mbele yake, naye hakumkataza. Basi mtoto akikaribishwa kumbikumbi, na ashukuru, aache, wala asikitemee mate chakula cha jirani. Jirani ana haki yake.

Mwenyezi Mungu aturuzuku halali na atuunganishe nyoyo. Amin.