Huduma za Umma za Kuacha Sigara Uingereza

Huduma za umma za kuwasaidia wavutaji kuacha sigara zilianza Uingereza mwaka 1999, kufuatia waraka wa sera wa serikali wa Desemba 1998. Zilitangulia katika maeneo maskini, ambako uvutaji ulikuwa umekithiri, na mwaka 2000 zikaenea nchi nzima.

Msingi wake uliwekwa London na daktari Michael Russell, aliyesisitiza kwamba mvutaji hufungwa na nikotini, ilhali kinachomuua hasa ni lami iliyomo katika moshi. Mwaka 1979 Russell na wenzake walichapisha utafiti juu ya wagonjwa wa madaktari wa kawaida. Kati ya waliopewa ushauri wa dakika moja au mbili pamoja na kijitabu, na kuambiwa kuwa watafuatiliwa, asilimia 5.1 walikuwa wameacha baada ya mwaka. Kati ya wasioshauriwa, asilimia 0.3 tu.

Huduma mpya zilikwenda mbali zaidi. Mvutaji alipanga siku ya kuacha, akawa anaonana na mshauri kila wiki, peke yake au kikundini, huku akitumia vibandiko au chingamu za nikotini, au vidonge vya bupropion na baadaye varenicline. Baada ya wiki nne alipuliza kifaa cha kupima kaboni monoksidi, ili kauli yake ithibitishwe na pumzi yake.

Matokeo hutegemea siku ya kupima. Utafiti wa mwaka 2005 ulikuta asilimia 53 wameacha katika wiki ya nne, lakini baada ya mwaka walibaki asilimia 15 hivi. Utafiti wa mwaka 2015 ulipata asilimia 8. Hata hivyo, wanaojaribu bila msaada wowote hufanikiwa kwa asilimia 3 hadi 5 tu. Vikundi vilifanikiwa kuliko vikao vya mtu mmoja mmoja. Maskini walijitokeza kwa wingi, ingawa waliofaulu miongoni mwao walikuwa wachache kuliko wenye nafasi.

Kilele kilikuwa 2011/12, walipojiandikisha zaidi ya watu 800,000. Mwaka 2013 huduma zilihamishiwa halmashauri. Bajeti zikakatwa, na wavutaji wengi wakageukia sigara za kielektroniki. Kufikia 2018/19 waliojiandikisha walikuwa chini ya 250,000. Waliofika bado waliacha kwa kiwango kilekile cha karibu nusu katika wiki ya nne. Kilichopungua ni idadi yao.