Uwanja Usio na Ukuta: Magari ya Kawaida katika Mbio za Afrika Mashariki

Gari la kawaida, katika lugha ya mashindano, ni gari lililotoka kiwandani kama linavyouzwa kwa mnunuzi yeyote, tofauti na gari lililoundwa mahsusi kwa ajili ya mbio. Nchini Marekani mbio za magari ya aina hiyo zilipata chama chake, NASCAR, mwaka 1948, na huko London zilifanyika kwa mara ya kwanza katika uwanja wa New Cross siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 16 Aprili 1954, magari yakizunguka njia fupi mbele ya watazamaji walioketi. Afrika Mashariki ilishika njia nyingine, kwani hapa gari la kawaida lilipimwa kwa barabara iliyovuka nchi tatu, na aliyesimama kando yake kutazama hakuhitaji tiketi.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwasisi wake, Eric Cecil, alikuwa amejaribu kumshawishi binamu yake, Neil Vincent, ashiriki mbio za kuzunguka za Langa Langa, karibu na Gilgil, lakini Vincent alikataa kwa hoja kwamba kuzunguka mahali pamoja kunachosha, ila angekubali kuvuka nusu ya Afrika na kurudi. Hapo mwanzo magari yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake dukani, wala si kwa ukubwa wa injini, kwa sababu jambo lililowagusa wakazi wa nchi hizi lilikuwa kujua ni gari gani, kwa fedha waliyokuwa nayo, lingestahimili barabara zao.

Dereva alisafiri na msoma ramani, yaani mwenzake aliyemwelekeza njia na kuhesabu muda, na kila dakika waliyochelewa kufika kwenye kituo cha ukaguzi iliwaongezea alama za adhabu. Kwa kuwa mashindano yalizoeleka kufanyika wakati wa Pasaka, msimu wa masika, tope ndilo lililoamua mengi, hata magari mengine yakafungwa vishikio na vikanyagio nyuma, ili msoma ramani asimame juu ya bampa na kurukaruka, uzito wake ukiyapa magurudumu nguvu ya kung'ata ardhi. Iliposhindikana, wanakijiji walisukuma. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7 tu, na mwaka 1968 vilevile yalimaliza 7; mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakiendesha Peugeot 404.

Tanzania ilikuwa na sehemu yake katika ushindi wa mashindano haya, kwani Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na msoma ramani wake, Chris Rothwell, walishinda mfululizo mwaka 1966 na 1967, nao pia kwa Peugeot 404. Katikati ya miaka ya 1970, wakati uhusiano wa nchi tatu ulipokuwa ukidhoofika kuelekea kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, njia ya mashindano ilibaki Kenya peke yake, na Watanzania wakapoteza uwanja ambao ulikuwa barabara zao wenyewe.

Maana ya historia hii inaeleweka vizuri katika kata kama Nkunga, wilayani Rungwe, kwa sababu Tukuyu, mji wa wilaya hiyo, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na udongo wa volkano ukilowa huteleza chini ya lori la ndizi kama ulivyoteleza udongo wa kwingineko chini ya magari ya mashindano. Dereva anayejua wapi pa kukanyaga mafuta na wapi pa kuliachia gari litambae ana elimu ileile iliyowafikisha wale saba, na vijana wanaokunja suruali kulinasua lori wanafanya kazi ileile ya wanakijiji wa miaka ya 1960. Orodha za washindi zimehifadhi majina ya madereva na ya magari. Mikono iliyosukuma haikuandikwa, ilhali bila mikono hiyo hata hao wachache wasingefika.