Mafunzo ya ukarabati wa kuta za mawe, Mji Mkongwe wa Zanzibar

Mafunzo ya vitendo yanayowaandaa mafundi kukarabati majengo ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa. Mji Mkongwe uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mamlaka ya kuuhifadhi ilianzishwa mwaka 1985.

Somo la kwanza ni chokaa. Matumbawe huchomwa tanuruni, kisha chokaa mbichi humwagiwa maji. Huchemka yenyewe na kufuka mvuke, na mwanagenzi huonywa kukinga macho. Chokaa iliyoiva huchanganywa na mchanga na udongo mwekundu.

Adui mkubwa ni saruji. Ukuta wa zamani hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipigwa lipu ya saruji, maji na chumvi hunaswa ndani, mawe yakaanza kumung'unyuka. Kwa hiyo mwanafunzi hutumia muda mwingi kubomoa kuliko kujenga: hugongagonga ukuta akisikiliza palipo na uwazi, hubandua lipu mbovu, hukwangua viungo, huulowesha ukuta, ndipo hushindilia chokaa kwa mwiko. Kazi mpya hufunikwa magunia mabichi, kwani chokaa ikikauka upesi hupasuka.

Boriti za mikoko nazo hukaguliwa, hasa ncha zilizozama ukutani, ambako huoza bila kuonekana.

Haja ya mafundi hao ilidhihirika Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka wakati wa ukarabati.