Mpingo wa Mchongaji na wa Mpiga Zumari

Misitu ya Nachingwea na Ruangwa huota mpingo. Mti huo huchongwa sanamu, tena husafirishwa Ulaya ukafanywa zumari ziitwazo klarineti. Wapo wasemao kwamba ustadi ni wa mpiga ala, kwani mchonga mashetani hutegemea wazo tu. Hoja hiyo ni dhaifu. Katika miaka ya 1950 Samaki Likankoa, Mmakonde, alipoliacha umbo la kawaida la binadamu akachonga shetani, mpingo haukulainika kwa sababu wazo lilikuwa jipya! Pigo la ngoma lililokosewa huenda likasahauliwa kabla ya alfajiri. Kipande kilichokatwa hakirudi. Lakini mpiga ngoma wa jando la Wamwera huanza upya kila usiku, na mzigo huo mchongaji haujui.