Mafungo na Elimu: Deni la Wakatoliki kwa Lugha ya Pwani

Katika jiji la Tanga, kuanzia Mabawa hadi Chumbageni, Waislamu na Wakristo ni majirani, na kitenzi kimoja huwatumikia wote. Mwislamu hufunga mwezi wa Ramadhani, kisha kwa desturi ya Waswahili huihesabu miezi inayofuata kwa kufungua: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, na kuendelea. Mkatoliki naye huenda mafungo, yaani hujitenga na shughuli zake kwa siku kadhaa, akanyamaza, akasali na kuichunguza dhamiri yake. Neno hili moja limebeba historia ya dini, ya elimu na ya lugha yenyewe.

Mafungo ya Kikatoliki yalipata utaratibu mashuhuri kwa Ignasi wa Loyola, askari wa zamani aliyeanza kuandika maelekezo yake huko Manresa, Hispania, mwaka 1522. Kitabu chake cha mazoezi ya kiroho kilipigwa chapa Roma mwaka 1548, na mwaka uo huo Wajesuiti, shirika alilolianzisha, wakafungua chuo Messina. Kwao elimu na kujichunguza viliandamana: aliyesoma alitakiwa kuujua ulimwengu bila kuisahau nafsi yake.

Fransisko Xavier, mmoja wa waasisi wa shirika hilo, alitua Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Katika barua yake alisimulia jinsi Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini humo alivyomuuliza kama Wakristo bado wanahudhuria makanisani, kwani Malindi ilikuwa na misikiti 17 na ni mitatu tu iliyokuwa na waumini. Lilikuwa swali la mcha Mungu kwa mcha Mungu mwenziwe. Xavier alilijibu kwa hoja kwamba sala za wasio Wakristo hazimpendezi Mungu. Mazungumzo yakaishia hapo, na nafasi ya kujifunza ikapotea.

Tanga ilipata urithi wa Ignasi kwa njia nyingine. Mapadre wa Rosmini waliofika huko mwaka 1945 walikuwa wana wa shirika lililoasisiwa na Antonio Rosmini nchini Italia mwaka 1828. Rosmini aliifuata njia ya Ignasi, hata akawaandikia mwongozo watoaji wa mafungo. Tanga ikawa jimbo mwaka 1958, chini ya Askofu Eugene Arthurs wa shirika hilo. Waliohubiri mafungo kwa Kiswahili hawakulazimika kuunda lugha mpya. Toba, neema, dhamiri, sala na tafakuri ni maneno yenye asili ya Kiarabu, yaliyokwisha kukomazwa na wanazuoni na washairi Waislamu wa pwani. Mkatoliki anapoungama moyoni mwake, huungama kwa msamiati aliorithi kwa jirani.

Elimu ya juu, hata hivyo, imeshika njia yake. Wajesuiti walifungua Hekima, chuo cha teolojia, Nairobi mwaka 1984. Maaskofu wa Tanzania wakaanzisha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, mwaka 1998. Vyuo hivi vimewatoa wataalamu wengi, lakini hufundisha kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba msomi huichambua jamii kwa lugha moja na kuichambua nafsi yake kwa lugha nyingine. Yale mambo mawili ambayo Ignasi aliyaunganisha yametenganishwa, na anayepata hasara ni mwanafunzi, ambaye elimu yake haifiki pale anaposalia.

Kwa hiyo hapana budi teolojia ifundishwe pia kwa Kiswahili, na tenzi za Waislamu wa pwani zisomwe humo kama chemchemi ya lugha ya kiroho. Kufanya hivyo si hisani. Ni kulipa deni. Mzee yule wa Malindi, ambaye Xavier hakumtaja jina, bado anastahili jibu bora kuliko lile alilopewa.